Nimewapima hasira madereva wangu na wote wametoka malaika: nimekosea wapi?

Swali la msomaji wa Tanga, kwa ufupi: "Nasimamia madereva 38 wa Coaster na Hiace, njia za mjini na zile za Muheza na Pangani. Malalamiko yamezidi: matusi, kugombania abiria, breki za ghafla. Tajiri anataka niwapime wote hasira nimpe orodha, watano wa juu waondoke. Nimepakua dodoso la Kiingereza la maswali 33 kuhusu hasira ya udereva, nikalitafsiri mwenyewe. Wa kwanza 10 wamejaza na wote wamepata alama za chini, hata yule ambaye wiki iliyopita alishuka akamkunja shati dereva wa bajaji. Nimekosea wapi, na nifanyeje?"

Jibu

Wale 10 walisoma swali ambalo hukuliandika: kazi unaitaka au huitaki? Wakalijibu vizuri. Kipimo chochote cha mtu kujieleza mwenyewe, kikishafungwa kwenye ajira yake, hugeuka kipimo cha woga. Kwa hiyo kabla ya tafsiri na hesabu, rudi kwa tajiri mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna jina litakalotoka kwenye karatasi hizi kumfikia, wala atakayeondolewa kwa alama. Asipokubali, acha kupima. Endelea na daftari la malalamiko na makosa ya barabarani, maana hayo angalau ni matendo yaliyotokea, yana tarehe na namba ya gari.

Akikubishia, mkumbushe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na "alijaza 4 kwenye swali la 17" si sababu ya kusimama nayo popote. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa uliyoikusanya kwa lengo moja huiokoti tu ukaitumia kwa lengo jingine.

Sasa dodoso lenyewe. Kwa maelezo yako ni lile lililotungwa na Jerry Deffenbacher na wenzake wa Colorado State University, Marekani, likachapishwa 1994. Kila swali linataja tukio la barabarani, na dereva anasema lingemkasirisha kiasi gani, 1 hadi 5. Matukio yako katika mafungu 6: ishara za matusi (maswali 3), wenzako kuvunja sheria (4), kuwapo kwa polisi (4), waendao polepole (6), kukosa adabu (9) na vizuizi vya njiani (7). Ufupisho wake una maswali 14. Angalia kilichokosekana: hakuna hata swali moja linalouliza dereva hufanya nini akishakasirika. Dereva wako wa tukio la bajaji angeweza kujibu kwa ukweli mtupu na bado asionekane, ikiwa yeye ni wa kukasirika mara chache lakini akikasirika anashuka na spana.

Kwa upande wa matendo, Deffenbacher na wenzake walitoa dodoso jingine mwaka 2002, maswali 49, ngazi 4 kuanzia "karibu kamwe" hadi "karibu kila mara". Maswali 12 ni ya uchokozi wa mdomo, 11 ya uchokozi wa mwili, 11 ya kulitumia gari lenyewe kutolea hasira, na 15 ya njia za kuituliza. Watu hulikata fungu hilo la mwisho ili kufupisha, na hapo huharibu. Dereva akiona maswali yote ni ya ubaya, hushika kalamu akaweka 1 mpaka chini bila kusoma. Fungu la kutuliza humlazimisha asome, na pia hukuonyesha ni nani ana mbinu ambazo wenzake wanaweza kuziiga.

Lipo na la Manchester, Uingereza, la James Reason na wenzake, 1990. Hilo lilitenganisha kupitiwa, kukosea, na kuvunja sheria kwa kusudi. Baadaye watafiti wakaugawa uvunjaji wa kusudi, ule wa kawaida mbali na ule wa uchokozi. Kwako mgawanyo huu una thamani kuliko dodoso lote ulilopakua. Dereva anayetoka stendi ya Kange kwa kasi, akachomekea, akatanua pembeni ili afike kituo kinachofuata kabla ya mwenzake, huenda hana hasira hata chembe. Anafukuzia hesabu ya tajiri. Abiria wanaona ukali, wewe unaandika "hasira", na dawa ya hasira haitamgusa.

Kwa hiyo pima vitu viwili, na usivijumlishe kamwe: hasira, yaani hisia, na uchokozi, yaani tendo la kumlenga mwingine ili kumuumiza, kumtisha au kumkomoa. Ukivitenga utapata watu wa aina nne. Wenye hasira ndogo na uchokozi mdogo waache. Wenye hasira kubwa na uchokozi mkubwa ndio kila mtu anaowafikiria. Wenye hasira kubwa lakini uchokozi mdogo wanaimeza. Hao wanahitaji mapumziko na mtu wa kuzungumza naye, na mara nyingi ndio madereva bora ulio nao. Aina ya nne, hasira ndogo na uchokozi mkubwa, ndiyo inayowaponyoka wasimamizi wengi. Huyu anazibia wenzake na kutisha bodaboda kwa utulivu kabisa kwa sababu inalipa. Ukimpeleka kwenye semina ya kudhibiti hasira atakula chakula cha mchana na kurudi alivyo. Kinachombadilisha ni hesabu ya siku na utaratibu wa zamu.

Maswali gani sasa? Dodoso la 1994 lilijengwa kwa majibu ya wanafunzi wa chuo zaidi ya 1,500, watu wa magari binafsi. Hawana konda, hawana abiria, hawana hesabu ya jioni. Kuna swali kuhusu mwendesha baiskeli aliye katikati ya njia akipunguza mwendo wa magari. Tanga, mji wa baiskeli, hilo si tukio, ni hali ya hewa. Swali ambalo kila mtu analijibu namna moja halikutofautishii mtu na mtu. Kwenye jaribio, zaidi ya 8 kati ya 10 wakichagua ngazi ileile, litupe. Yale 4 ya polisi nayo yana mwiba wake. Kwa dereva wako, kupigwa tochi baada ya Muheza ni shilingi 30,000 za faini zinazotoka kwenye posho yake, na hajui karatasi hii itaishia kwa nani. Yaweke kando na alama yake uisome peke yake, au yaache.

Madodoso haya yana wenyewe. Ukitaka kulitumia lote, waandikie watungaji uombe ruhusa. Kwa kazi yako naona afadhali utunge yako, maswali 16 ya hasira na 14 ya matendo. Usiyatoe kichwani. Kaa na madereva 6 hadi 8 wa njia tofauti, mmoja mmoja, uulize: "Safari ya jana, ni wapi damu ilikuchemka?" Majibu yatajirudia baada ya watu wachache. Maswali ya hasira yatakuwa ya namna hii:

Bajaji inakukata bila indiketa na kusimama mbele yako kuchukua abiria.
Gari la nyuma linakupita na kuzoa abiria waliokuwa wakikusubiri wewe.
Abiria anasema "shusha" ukiwa umeshapita kituo.
Uko nyuma ya lori la mzigo kwenye mlima na huoni mbele ili ulipite.
Anayekuja mbele anakuacha na taa kubwa usiku.
Konda anabishana na abiria kuhusu chenji na safari haiondoki.
Unajaribu kumpita mtu, naye anaongeza mwendo.

Kila swali libebe jambo moja. "Bodaboda anapokuchomekea na kukutukana" ni mambo mawili, na anayejibu 3 hujui 3 ni ya lipi.

Maswali ya matendo yasiulize "je, wewe huwa…". Uliza siku 7 za kazi zilizopita na idadi: hakuna, mara 1 au 2, mara 3 hadi 5, mara 6 hadi 10, zaidi ya 10. Umemganda mtu nyuma ili aondoke njiani? Umempiga breki mtu aliye nyuma yako kumkomoa? Umemzibia asikupite? Umempiga taa mfululizo? Umeshuka kwenda kumvaa mtu? Umemwachia mtu apite ingawa haki ilikuwa yako? Na swali ambalo hulikuti kwenye madodoso yale ya Marekani: konda wako amemtukana dereva mwingine kwa niaba yako, au kwa sababu yako? Kwenye daladala hasira ya dereva mara nyingi hutokea mdomo wa mlangoni. Dereva anakunja uso na kusonya, konda anamalizia. Ukimuuliza dereva peke yake kuhusu matusi, atakuambia kwa haki kabisa kwamba hajafungua mdomo.

Ngazi za majibu ya hasira ndizo zinazoharibika zaidi kwenye tafsiri. Wengi huandika: sikasiriki, kidogo, wastani, sana, sana kabisa. Kwa msomaji "wastani" ni kitu cha darasani, na kati ya "sana" na "sana kabisa" hakuna nafasi. Wengine huchanganya vitenzi: nakereka, naudhika, nakasirika, naghadhibika. Hiyo inaonekana ngazi nzuri, ila kukereka na kughadhibika kwa Kiswahili cha Pwani si kiasi tofauti cha kitu kimoja. Kuna mtu hukereka mno asikasirike asilani. Baki na kitenzi kimoja na uchore glasi tano: tupu, robo, nusu, robo tatu, na inayomwagika. Msomaji mgumu na msomaji mwepesi wote wanaielewa.

Hata ukitunga mwenyewe, kama kuna swali ulilolitoa kwenye Kiingereza, mpe mtu mwingine asiyeliona la asili alirudishe Kiingereza, kisha linganisha. Baada ya hapo, na hatua hii ina faida zaidi, msomee dereva swali na umwambie afikiri kwa sauti. "Vizuizi vya njiani" atakuambia ni geti la maliasili au kamba ya trafiki, wala si foleni uliyoikusudia.

Tena kuna heshima. Kila mtu wa Pwani amelelewa na "hasira hasara". Imeandikwa hata kwenye madirisha ya nyuma ya magari. Anajua jibu la mtu mzima mwenye adabu kabla hujamaliza kusoma swali. Huwezi kuiondoa heshima hiyo, lakini unaweza kuipima. Changanya humo maswali 4 ya aina hii: "Sijawahi kuvuka mwendo uliowekwa", "Nikifanya kosa barabarani nalikubali kila mara", "Sijawahi kuudhika na abiria", "Nafuata kila alama hata kama hakuna mtu". Anayekubali yote 4 anajipaka rangi. Usimtupe wala usimwite. Weka alama yake kando na uiamini kidogo kuliko nyingine. Wakiwa wengi mno, tatizo ni la mazingira ya kupimia, na unarudi kwenye ile ahadi ya tajiri.

Namna ya kujaza: usifanyie stendi, wala mbele ya konda, wala saa ya kupokea hesabu. Tafuta chumba au kivuli cha mbali, watu 5 au 6 kwa mara moja, dakika 25. Mpe kila mmoja namba aliyoichomoa mwenyewe kwenye kikapu, aiandike kwenye karatasi badala ya jina, na aikumbuke kwa ajili ya mara ya pili. Karatasi atumbukize mwenyewe kwenye sanduku lililofungwa. Anayesoma kwa shida asomewe na mtu asiye wa ofisi yako. Madereva deiwaka nao waingie. Ukiwapima wenye mkataba tu umepima nusu ya usukani. Na chagua msimu. Anayerudi kutoka Muheza saa 12 jioni akiwa na saumu, mkia wa magari umeganda na futari iko nyumbani, ana hasira ya saa ile, si ya tabia yake. Usipime ndani ya Ramadhani kisha ukalinganisha na mwezi mwingine.

Alama. Maswali 16 kwa ngazi 5 yanatoa 16 hadi 80. Aliyeacha swali 1 au 2, chukua wastani wa aliyoyajibu uzidishe kwa 16. Aliyeacha zaidi ya hapo usimhesabu. Halafu tazama kama maswali yanavuta kamba upande mmoja. Programu za hesabu zitakupa alfa ya Cronbach, na 0.70 kwenda juu inaridhisha. Kwa watu 38 namba hiyo inayumba, kwa hiyo 0.68 usiililie na 0.85 usiishangilie.

Hapa ndipo tajiri anapohitaji kukaa nawe na kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, mtawanyiko wa alama za madereva wako, ule mkengeuko wa kawaida, ni 12, na uthabiti wa kipimo, ile alfa, ni 0.80. Kosa la alama ya mtu mmoja ni 12 mara kipeuo cha pili cha 0.20, yaani kama 5.4. Aliyepata 55 alama yake ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 44 na 66 hivi. Ili useme kwa uhakika wa kawaida kwamba dereva huyu ana hasira kuliko yule, inabidi wapishane alama kama 15. Wa tano na wa sita kwenye orodha yako watakuwa wamepishana 1 au 2. Mstari wa "watano wa juu" unakatwa na bahati.

Ajali nazo usizitumie kuhakiki kipimo kwa watu 38. Ajali ni chache, zina sababu nyingi, na uhusiano wake na alama za hasira huwa hafifu hata kwenye tafiti zenye maelfu ya watu. Hakiki kwa matendo unayoweza kuyahesabu.

Kuhesabu matendo kunahitaji mtu ndani ya gari. Waambie madereva kwamba katika mwezi fulani kutakuwa na waangalizi kwenye baadhi ya safari, bila kutaja safari ipi. Mwangalizi asikae mbele pembeni ya dereva, maana wataanza kupiga soga. Siti ya pili upande wa kushoto inamwonyesha mikono na uso kwenye kioo. Karatasi yake igawanywe kwa dakika moja moja, na kila dakika aweke alama kama kulikuwa na tendo la uchokozi au la.

Honi ndiyo mtihani. Ukihesabu honi zote utapata madereva wachangamfu, si wakali, kwa sababu huku kwetu honi inaita abiria, inasalimia, inamwambia wa baiskeli "niko nyuma yako", inashukuru. Weka kanuni kabla ya kuanza: honi ya uchokozi ni ile inayozidi sekunde 2, au inayorudiwa mara 3 na zaidi kwa mtu ambaye hana pa kwenda. Na andika imemlenga nani. Mwaka 1968 Anthony Doob na Alan Gross, huko California, walisimamisha gari mbele ya madereva wengine taa ikiwa imeshakuwa ya kijani. Waliokuwa nyuma ya gari jipya la kifahari walikawia kupiga honi kuliko waliokuwa nyuma ya gari kuukuu. Dereva wako anayemporomoshea matusi wa bodaboda akanyamaza kimya nyuma ya shangingi hajashindwa kuizuia hasira. Anaizuia vizuri sana akitaka.

Waangalizi wawe wawili kwenye safari chache za mwanzo, bila kutazamiana karatasi. Usiridhike na asilimia ya kukubaliana. Chukua dakika 100: wote wameandika "ndiyo" kwenye 15, wote "hapana" kwenye 70, wamepishana kwenye 15, ambapo wa kwanza peke yake aliona 7 na wa pili 8. Makubaliano ni asilimia 85, yanapendeza. Lakini kwa kuwa dakika nyingi ni shwari, wangekubaliana kwenye asilimia 65 hata kwa kubahatisha. Ukiondoa bahati, kipimo kinachoitwa kapa kinatoka 0.57. Ifikishe 0.60 au zaidi kwa kurudia kanuni pamoja, ndipo uwaachie kila mmoja gari lake. Safari mbili za kwanza za kila dereva zitupwe. Kila mtu ana adabu mbele ya mgeni.

Kifaa ni msaada, si hakimu. Simu iliyofungwa imara kwenye dashibodi, si iliyowekwa mfukoni wala inayoteleza juu ya kitambaa, inaweza kurekodi mwendo kila sekunde. Breki ya ghafla ihesabu pale mwendo unaposhuka kwa kilomita 11 kwa saa au zaidi ndani ya sekunde 1. Ni mita 3 kwa sekunde kila sekunde, karibu theluthi ya nguvu ya uvutano. Gari la kilomita 50 kwa saa likifunga breki kwa nguvu hiyo mfululizo husimama ndani ya sekunde 4.6 na mita kama 32, na aliyesimama ndani anakuwa keshamwangukia mwenzake. Kama magari yako yana kifuatiliaji, muulize aliyekifunga kinatuma taarifa kila baada ya muda gani. Kinachotuma kila nusu dakika kinafaa kwa mwendo kasi, kwa breki hakifai kitu.

Matuta ndiyo yanayopotosha. Kila kijiji njia ya Muheza kina yake, na programu nyingi za simu husoma mruko wa tuta kama breki. Pita njia nzima mara moja, weka alama ya kila tuta kwenye ramani, kisha usihesabu chochote kilicho ndani ya mita 50 za tuta. Yanayobaki yagawanye kwa umbali, matukio kwa kila kilomita 100. Bila hivyo wa Pangani ataonekana mbaya kuliko wa Raskazone, mjini, kwa sababu tu anakwenda mbali. Na linganisha wa njia moja na saa moja. Breki ya ghafla peke yake haisemi nani mkorofi. Mara nyingi inasema kuna bodaboda aliyechomoka uchochoroni, na dereva wako ndiye aliyemwokoa.

Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo ziache. Joto la Tanga la Februari, kahawa chungu na usukani mzito vinapandisha mapigo sawasawa na matusi.

Kadi ya safari ni rahisi na inazaa kuliko vyote hivyo. Kwa siku 14, kila dereva baada ya kila safari anajaza mambo matatu kwa namba yake ya siri: hasira ya juu kabisa uliyofikia, 0 hadi 10, nini kilisababisha, ulifanya nini. Nusu dakika inatosha. Ukizipanga kwa njia na saa badala ya kwa mtu, utaona jambo ambalo dodoso haliwezi kukuonyesha. Tuseme karibu kila dereva wa njia fulani anafika 7 saa 1 asubuhi, na sababu ni ileile, gari la nyuma kuzoa abiria wake. Basi uliyempima si mtu, ni ratiba ya kuondoka magari. Achanisha magari kwa dakika 5 zaidi, au punguza hesabu ya safari ya kwanza, kisha gawa kadi tena. Anayebaki juu peke yake wakati wenzake wa njia ileile wameshuka, huyo sasa tabia yake inaonekana.

Dodoso lenyewe lirudie baada ya wiki 4 kabla hujabadilisha lolote. Alama za watu zikiruka huku na huko bila sababu, kipimo chako bado kibichi, rudi kwenye maswali. Zikitulia, fanya mabadiliko ndipo upime mara ya tatu.

Matokeo mpe tajiri kwa njia na kwa saa, kamwe si kwa kundi lenye watu chini ya 5, maana watu watatu wa njia ndogo hujulikana hata bila majina. Dereva anayetaka kujua alama yake aje na namba yake, aione peke yake.

Na yule aliyemkunja wa bajaji hangoji dodoso. Lile ni tukio, lina siku, mahali na walioliona. Chukua maelezo ya pande zote, ya konda na ya abiria, ulishughulikie kama kosa la kazi kwa utaratibu wenu wa nidhamu, na faili lake lisikutane na sanduku la karatasi.